Jina Kwenye Kona ya Picha

Mchoraji alipofariki, mhariri mmoja kijana alinipigia simu akaomba vitu vitatu: jina lake kamili, umri wake, na picha yake iliyo safi. Nilimwambia sina hata kimoja. Alishangaa, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba katika waandishi wote mimi ndiye niliyemjua kwa miaka mingi zaidi. Aliambiwa kweli. Ndiyo maana sikumpa.

Hapa pia nitamwita Mchoraji tu, kama alivyoitwa na Kitengela nzima. Sitaeleza alizaliwa wapi wala na nani. Watu walibishana juu ya hilo akiwa hai na hawakupatana: wengine walisema ni Mmaasai aliyelelewa Ukambani, wengine wakasema ni Mkamba aliyewahi kuolewa upande wa Isinya. Kimaasai chake kilikuwa safi. Kikamba chake kilinichekesha, lakini nilikielewa. Ukimuuliza mwenyewe alijibu, "Mimi ni wa hapa nyuma ya bucha," akaendelea kuchora.

Ninachotaka kueleza ni kazi yake, na jinsi nilivyoiharibu kwa habari moja ya gazeti.

Nyuma ya bucha alikuwa na chumba kimoja cha mabati chenye dirisha kubwa upande wa mashariki. Kitengela ya miaka ya tisini ilikuwa safu mbili za maduka kando ya barabara ya Namanga. Nyuma ya maduka kulikuwa na nyasi, na asubuhi kwenye nyasi kulikuwa na nyumbu. Upepo ukivuma kutoka upande wa Athi River, vumbi lilituama juu ya kila kitu, na Mchoraji alianza siku kwa kupangusa nyuso zilizotundikwa ukutani mwake, moja moja, kwa kitambaa chenye maji. Kila uso aliuamkia. "Takwenya," alisema, kama wanawake wa Kimaasai wanavyosalimiwa, kisha akajijibu mwenyewe kwa niaba ya mwenye uso: "Iko." Mara ya kwanza niliposikia nilidhani mle ndani kuna watu wengi.

Nilifika kwake kwa sababu ya ng'ombe. Mwenye bucha alikuwa amemwomba amchoree ng'ombe ukuta wa mbele, na ng'ombe huyo alitoka na macho ambayo yalikufuata hadi ng'ambo ya barabara. Nilimkuta mwenye bucha akilalamika mbele ya wateja.

"Huyu ananiangalia kama mama mkwe. Watu wanaogopa kununua."

"Si ulisema unataka ng'ombe?" Mchoraji alimuuliza, bado ameshika burashi. "Huyo ni ng'ombe. Kama ulikuwa unataka nyama, ungesema nyama."

Niliandika habari fupi ya kuchekesha. Wiki iliyofuata nilimpelekea gazeti. Alisoma yote akiwa amesimama, akalikunja, akaniambia, "Mambo ya ng'ombe umeandika vizuri. Sasa ujifunze kuandika mambo ya watu." Tangu siku hiyo aliniita Mwandishi. Jina langu lilikuwa gazetini kila wiki kwa herufi nzito, na najua alikuwa akilisoma, lakini halikutoka mdomoni mwake.

Kazi yake yenyewe haikuwa ng'ombe. Alikuwa akichora wanawake wa Kajiado. Alitaka nyuso zao zijaze ukumbi mmoja wa mjini Kajiado, zote kwa wakati mmoja, na alikuwa ameshazungumza na msimamizi wa ukumbi huo, akakubaliwa. Hakuutaka ukumbi wa Nairobi, na watu waliojaribu kumshawishi waliondoka bila chai. "Nataka mama akitoka kliniki ama kortini aingie hapo," aliniambia. "Aingie ajione, ama aone mtu anamjua. Watu wa Nairobi wataona nini? Wataona shanga."

Shanga zilikuwa ugomvi wake mkubwa. Maduka ya watalii ya barabara ya Namanga yaliuza picha za wanawake wekundu waliojaa shanga hadi masikioni, wote wakitazama upande, wote wakiwa na uso mmoja. Mchoraji alisema zile ni picha za shanga zilizotafutiwa mtu wa kuzivaa. Kwake, aliyekuja kukaa ili achorwe alichagua mwenyewe nguo ya kuvaa, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuhusu wilaya ile kuliko kwenye mikutano ya machifu. Mmoja alikuja na sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi mpaka kinang'aa. Mwingine, Mkamba mwenzangu aliyeshona suruali kiwandani, alikuja na ovaroli ya kazini na sindano tatu zimechomekwa kifuani. Bibi mmoja kutoka Mashuuru alikuja na shanga zake zote, na katikati ya shanga alikuwa amening'iniza ufunguo. Ulikuwa ufunguo wa nyumba yake ya kwanza ya mabati. Alimwambia Mchoraji asipochora ufunguo, basi asichore na yeye.

Alichora kwenye mbao nyembamba za kuziba dari, masalio aliyopewa na maseremala, kwa rangi ya mafuta ile ya milango. Rangi ya ngozi aliichanganya mwenyewe kwenye vifuniko vya mikebe. Alikiweka kifuniko kando ya kiganja cha mtu, akatazama, akaongeza tone la manjano au jeusi, akatazama tena. Hakuwahi kutumia kifuniko cha mtu mmoja kwa mtu mwingine. Alianza na sikio. Wachoraji wengine niliowahi kuwahoji huanza na macho au na umbo la kichwa, kwa hiyo nilimuuliza sababu. "Uso mtu anaweza kuupanga," alisema. "Sikio utalipanga namna gani?"

Na mimi alinitaka nikae. Kila nilipofika aliashiria kigoda. "Leo utakaa, Mwandishi?" Nami kila mara nilikuwa na haraka: kesi Kajiado, maji Isinya, moto Athi River. "Haya," alisema. "Hiyo sikio yako haitatoroka."

Sipendi kumfanya malaika, na yeye angechukia. Aliwaambia wanawake kwamba asije mtu akawasemea, halafu akawaamrisha kama watoto wa nasari: kaa wima, usicheke, shika mkono hivi, nani amekwambia usogee. Chai ikichelewa kuchemka alikunywa maji ya moto yenye majani yanayoelea. Chumbani mwake hakukuwa na kioo, na hakukuwa na picha yake hata moja. Siku moja, nikitafuta mahali pa kuweka koti langu, niliinua gunia na chini yake nikakuta rundo la wamorani wanaoruka, wekundu, kama wale wa maduka ya watalii.

"Na hawa?" nilimuuliza, nikiona nimemkamata.

"Hao ni wa mafuta ya taa na sukari."

"Lakini hawana nyuso."

Aliwatazama kama anayewaona mara ya kwanza. "Hakuna mtu alikuja kukaa," alisema.

Sasa nifike kwenye jina. Pale ambapo wachoraji wengine huweka sahihi yao, kona ya chini upande wa kulia, Mchoraji aliacha nafasi tupu. Nafasi hiyo ilikuwa ya aliyekaa. Uso ukimalizika, alimpa burashi ndogo, na mwenye uso akaandika jina lake mwenyewe. Asiyejua kuandika alifundishwa, kwa kaa la moto lililozimwa, kwenye mgongo wa ubao mwingine, na picha haikupanda ukutani mpaka jina limesimama. Wengine walichukua juma, wengine miezi. Ndiyo sababu wanawake wengi walimwita Mwalimu.

Nilimwambia mchoraji asiyeweka jina lake atasahaulika.

"Wewe angalia huyu," alisema, akinionyesha ukutani mama mmoja mwenye kovu kwenye paji. "Jina lake haliko kwa hati ya shamba. Haliko kwa chapa ya ng'ombe. Nyumbani anaitwa mama fulani. Kanisani anaitwa dada. Sasa pahali pamoja tu pamepatikana, na mimi tena niweke langu hapo?"

Katika wanawake hao alikuwepo mmoja aliyetoka upande wa Mashuuru, ambaye alikuwa akija Kitengela kumtembelea dada yake aliyeuza maziwa. Sitamtaja jina, kwa sababu nitakayoieleza. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa pua. Alikuja mara nne ndipo jina lake likasimama. Herufi moja ilikuwa ikimtoroka, ikiangalia upande usiofaa, na Mchoraji alimwambia, "Mrudishe huyo. Anaenda wapi?" Alipomaliza aliinama akalipuliza jina ili likauke, kama mtu anayewasha moto.

Mwaka ule mumewe alikuwa ameamua kuuza sehemu ya shamba. Wakati huo ndio mashamba ya Kajiado yalikuwa yakikatwa ploti kila upande, na mke aliitwa mbele ya bodi ya ardhi kukubali. Wengi niliowaona walikubali kwa kidole: wino, karatasi, kitambaa cha kupangusia, umemaliza. Yule mama alipoitwa, karani akamsogezea wino. Alisema, "Naomba kalamu." Watu walicheka kwa kufurahi, hata mumewe alicheka. Akapewa kalamu. Kisha akaomba asomewe karatasi inasema nini. Akasomewa yote. Akasikiliza, akafunga kalamu kifuniko chake, akairudisha mezani.

"Jina langu najua kuliandika," alisema. "Hapa siandiki."

Shamba halikuuzwa.

Nilihakikisha habari hiyo kwa dada yake na kwa wazee wawili waliokuwa ndani ya chumba kile, kisha nikamhoji yeye mwenyewe mara mbili. Alinipa ruhusa. "Andika," aliniambia. "Lakini usiandike nilikuwa mkali. Sikuwa mkali." Nilipiga picha ya uso wake ukutani kwa Mchoraji, na jina kwenye kona likisomeka vizuri. Nilijua ni habari bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Mhariri aliipokea akaiweka ingoje nafasi.

Mvua zikaanza. Yule mama alishikwa na homa ya mapafu, akapelekwa hospitali, akafariki siku ya tatu.

Nilienda kwa Mchoraji kutoa pole. Picha ya yule mama ilikuwa imegeuzwa, uso ukitazama bati, na leso imefungwa juu yake. Mchoraji alikuwa akiosha burashi kwenye mkebe wa mafuta ya taa.

"Hiyo habari yako ikae, Mwandishi," alisema.

"Ikae mpaka lini?"

"Ikae."

"Lakini si ndiyo sasa inafaa zaidi? Watu wamjue alikuwa nani."

Hakuinua kichwa. "Nimekwambia ikae."

Kazi yangu ilikuwa kuuliza swali la pili. Nimewafundisha vijana wengi tangu wakati huo kwamba mtu akikujibu kwa neno moja, hapo ndipo uvute kigoda ukae. Siku hiyo sikukaa. Nilijiambia kwamba ni huzuni inayosema, nami nilikuwa na haraka. Nilienda kwenye kibanda cha simu nje ya posta, nikampigia mhariri. Sikumwambia asimamishe habari. Nilimwambia aongeze neno "marehemu" mbele ya jina, na nikamwomba, kwa heshima ya aliyefariki, aipe nafasi kubwa.

Kwetu Machakos mtu akifa jina lake ndilo linalotangulia. Linasomwa redioni pamoja na majina ya wajomba, wakwe na wajukuu, na aliyeachwa nje ya orodha hununa mpaka mwaka uishe. Nilidhani kila mahali ni hivyo. Katika boma nyingi za Kimaasai za zamani, mtu akishakufa jina lake halitajwi tena. Kama nyumbani kuna mwingine mwenye jina lile lile, hutafutiwa lingine. Siku hizi wengi ni watu wa kanisa, na nimehudhuria mazishi ambapo jina lilisemwa kwenye kipaza sauti na hakuna aliyekunja uso. Lakini boma ile haikuwa hivyo. Mchoraji alijua. Mimi nilikuwa nimefanya kazi wilaya ile miaka saba na sikujua, kwa kuwa sikuwahi kuuliza.

Gazeti lilitoka Jumamosi. Jina lilikuwa kwenye kichwa cha habari, likawa chini ya picha, likawa hata kwenye kona ya picha yenyewe, kwa mkono wake. Jumatatu, kwenye shule aliyosoma binti yake, mwalimu mmoja aliyekuwa mgeni kama mimi aliibandika habari ile ubaoni kwa kujivunia na akaisoma kwa sauti mbele ya darasa. Binti alitoka nje. Alikaa langoni mpaka watu wa kwao walipokuja kumchukua.

Hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa naelekea kwa Mchoraji nikiwa na nakala tano za gazeti kwapani, nimefurahi. Niliingia nikamkuta bibi mmoja ameketi kwenye kigoda cha kukalia, na wanawake wawili wamesimama nyuma yake. Alikuwa mama mzazi wa yule mama. Alikuwa akizungumza Kimaasai, polepole, na hakuacha kuzungumza nilipoingia.

Alipomaliza, Mchoraji alitafsiri akitazama dirisha.

"Anasema mtoto wake anaitwa. Anaitwa na watu hawajui, huko Kajiado, huko Nairobi, kila pahali hiyo karatasi imefika. Anaitwa na hawezi kuitika. Anauliza atalala saa ngapi."

"Mwambie naomba msamaha," nilisema.

"Mwambie mwenyewe. Kiswahili anasikia."

Nilisema. Nilisema pole mara mbili. Bibi alinitazama, kisha akatazama kwapani pangu, akasema maneno machache.

"Anauliza hizo zingine ni za nani," Mchoraji alisema.

Nilizipeleka nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule. Mpaka leo, katika yote, hilo ndilo ninalolikumbuka nikiwa peke yangu.

Walikuwa wamekuja kuchukua picha. Kabla ya kuwapa, Mchoraji alitafuta rafuni mpaka akapata kifuniko kilichokuwa na rangi ya mkono wa yule mama, imekauka. Aliilainisha kwa mafuta, akachukua burashi ile ndogo ya majina, akafunika herufi moja moja, kuanzia mwisho. Herufi iliyokuwa ikitoroka ilifunikwa ya tatu. Walipoondoka na ubao umefungwa ndani ya leso, kona ilikuwa haina kitu ila rangi ya ngozi.

Wengine wakaanza kuja. Hakuna aliyekuja kwa hasira, na labda hasira ingekuwa rahisi. "Mwalimu, naomba ile yangu," walisema, wakatazama chini. Yule mwenye ufunguo alituma mjukuu. Mkamba mwenzangu wa kiwandani alijaribu kufanya mzaha: "Mimi si Mmaasai, dada, lakini mzee amesema hataki kunisoma gazetini kama nimekufa. Ati ataanza kutafuta mwingine." Mchoraji alicheka, akamsaidia kuifunga picha yake kwa kamba. Aliwauliza wote kama wanataka jina lifunikwe. Wengi walikubali. Baada ya miezi michache ukuta ule ulibaki na misumari. Msimamizi wa ukumbi wa Kajiado alingoja kidogo, kisha siku ile iliyokuwa imewekwa akawapa watu wa harusi.

Hakunilaumu, nami nilitamani anilaumu. Mara moja tu, tukinywa chai, alisema, "Ungeuliza." Kisha, kama mtu anayegawa mzigo ili usimwelemee mwingine, akaongeza, "Na ni mimi niliwaambia waandike."

Miaka iliyofuata alichora vibao. Vinyozi, saluni, mageti ya shule, hoteli za ugali. Vichwa vyake vya saluni vilikuwa na heshima kiasi kwamba wanawake waliingia kuuliza yule wa katikati ni nani. Mimi nilihamishiwa Nairobi, nikaketi mezani, nikawa mtu wa kusahihisha habari za wengine. Nilipita Kitengela mara nyingi nikielekea Namanga, na kila mara nilijiambia nitasimama nikirudi.

Nilisimama mara moja, miaka ya elfu mbili ikielekea ukingoni. Nyasi za nyuma ya maduka zilikuwa zimegeuka magorofa, na wapita njia niliowauliza habari za nyumbu walidhani nafanya mzaha. Bucha ilikuwepo. Ng'ombe alikuwepo, amepakwa rangi upya na mkono wa mtu mwingine, lakini macho hawakuyagusa. Chumba cha mabati kilikuwa kimebanwa kati ya kuta mbili ndefu, na lile dirisha lilipata jua kwa saa moja tu asubuhi. Nilifika ndani ya saa hiyo.

Alikuwa amekonda, na alikuwa akikohoa kikohozi kifupi ambacho alikipuuza. Ukutani kulikuwa na misumari mingi na picha moja.

"Mwandishi," alisema. "Leo uko na haraka?"

"Leo sina."

"Basi kaa."

Nilikaa kwenye kigoda kile. Aliweka kifuniko kando ya kiganja changu, akaongeza jeusi, akatazama, akaongeza tena. Akaanza na sikio.

"Sikio yako ni nzuri sana," alisema baada ya muda. "Ni vile haikutumika."

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana aliniamrisha nisicheke. Nilitazama ile picha moja. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, amevaa sweta ya chuo, na nilimjua kabla sijaambiwa: urefu ule wa shingo, na mdomo wa mtu anayezuia kicheko kisitoke kwa pua.

"Alikuja mwaka jana," Mchoraji alisema. "Yeye mwenyewe. Akasema anataka kukaa pahali mama yake alikaa. Nikachora yeye, si mama yake, lakini mkono ulikuwa unajua njia." Kwenye kona kulikuwa na jina, jina lake mwenyewe yule msichana, limeandikwa haraka, kama mtu aliyeandika jina lake maelfu ya mara. "Shamba bado iko," aliongeza.

Nilikuwa nimebeba maneno yangu kwa miaka, na nilipoyatoa hayakuwa mazuri. Nilimwambia kwamba siku ile kama angenieleza sababu, ningesimamisha habari.

Burashi ilisimama. "Ungesimamisha?"

Nilifikiri. Nilikumbuka kibanda cha simu, na jinsi nilivyokuwa na hamu ya nafasi kubwa.

"Sijui," nilisema.

"Hapo sasa umeandika vizuri."

Jua lilipoondoka dirishani alikuwa amemaliza. Aliugeuza ubao. Nilikuwa nimetarajia kujiona nikiwa na daftari, nimeinama, kama nilivyokuwa miaka yote. Alikuwa amenichora nikimtazama mtu anayezungumza. Kona ya chini upande wa kulia ilikuwa tupu. Alichovya ile burashi ndogo akanisogezea.

"Andika."

"Niandike, baada ya yale yote?"

"Andika. Wewe bado unaitika."

Niliandika. Mimi niliyeandika jina langu kila wiki kwa miaka mingi nilichukua muda mrefu, na herufi ya mwisho ilipanda juu kidogo. Hakuisahihisha. Alinikataza kuibeba picha kabla haijakauka, akasema nitarudi, nami nikasema nitarudi. Nilimuaga. Nilikuwa nimeshapita bucha na nimeshika mlango wa gari ndipo niliposikia nikiitwa kutoka nyuma ya mabati, kwa nguvu, na kikohozi katikati.

"Mutua!"

"Naam!" niliitika, nikageuka nikirudi.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, amejifunika leso, anafuta mikono.

"Sina neno," alisema. "Nilitaka kusikia tu."